Kitanda cha Nne: Kwa Nini Wenzetu Huacha Chuo Kimya Kimya



Tulikuwa wanne katika chumba kimoja cha hosteli, mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Deka mbili, meza moja, tundu moja la umeme na ndoo nne za maji. Watatu tulihitimu. Mmoja wetu sasa ni mwalimu wa sekondari, wa pili ni karani wa ofisi mjini, na wa tatu yuko seminari akisoma falsafa, ndiye anayeshika kalamu hii. Wa nne aliondoka muhula wa pili, Jumanne asubuhi, na begi moja dogo. Alituambia anakwenda kumwona mama yake, kwamba anaumwa. Tukamjibu, "Msalimie sana." Hakurudi tena chuoni.

Ilituchukua wiki tatu kuuliza. Na hata hapo, hatukuanza sisi. Alianza kiongozi wa darasa lao, aliyekuja kugonga mlango kwa sababu jina la mwenzetu lilikuwa kwenye kazi ya kikundi na yeye haonekani. Kufikia siku hiyo kitanda chake, kile cha juu upande wa dirisha, tulikuwa tumekwisha kukigeuza kabati. Tulikuwa tumepanga mabegi juu yake, madesa ya muhula uliopita, na pasi ya umeme. Tulilala chini ya kitanda hicho kila usiku, tukasali Rozari pamoja mwezi wa tano, wala hatukuona kwamba ndugu yetu hayupo kwa namna isiyo ya kawaida.

Tunaandika makala haya kwa "sisi" kwa sababu kosa lilikuwa letu sote watatu. Tunaandika pia kwa sababu kila mwaka, mwezi wa kumi na wa kumi na moja, parokia zetu huwaombea vijana wanaokwenda vyuoni, huwachangia nauli na kuwapigia makofi baada ya Misa. Wachache wao watarudi kabla ya wakati. Tungependa wakirudi, wakute tumekwisha kufikiri juu yao.

Sabufa na pasi ndefu

Mwenzetu alitoka mkoa wa Rukwa, mtoto wa mkulima wa mahindi, wa kwanza katika ukoo wao kufika chuo kikuu. Alikuwa na mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 ili mtoto wa maskini naye asome. Bodi hiyo imewafikisha mbali watu wengi, sisi tukiwamo. Lakini mkopo hupimwa kwa hali ya familia ilivyoandikwa kwenye fomu, na yeye alipata posho yote ya chakula na malazi pamoja na sehemu tu ya ada. Sehemu iliyobaki ilikuwa ya mzazi. Mzazi alikuwa mama mmoja mwenye ekari mbili za mahindi, na mwaka ule bei ya mahindi ilikuwa mbaya.

Posho ile, ambayo wanafunzi huiita bumu, wakati huo ilihesabiwa kwa shilingi 8,500 kwa siku, kabla haijapandishwa kuwa 10,000. Bumu la kwanza lilipoingia, sisi wengine tulikuja na wazo la kununua sabufa ya chumba. Kila mmoja atoe shilingi 40,000. Mwenzetu alitoa. Hakusita hata kidogo, au sisi hatukuona kusita kwake. Sehemu nyingine ya bumu aliituma nyumbani kwa simu, mdogo wake alikuwa amerudishwa shule kwa ajili ya michango. Kisha akaanza kupiga pasi ndefu. Chai anaruka, mchana anaruka, anakula jioni wali maharage. Sisi tulimtania kwamba anafunga Kwaresima nje ya msimu.

Tuliisikiliza sabufa ile miaka mitatu.

Alichotueleza

Likizo iliyopita wawili kati yetu, mwalimu na frateri, tulipanga safari ya kumtafuta. Tulimkuta kwenye mashine ya kusaga aliyoajiriwa kuisimamia, nyusi zote nyeupe kwa unga. Alicheka alipotuona. Akamwita mama yake, ambaye baada ya kutuitikia shikamoo zetu alituuliza, "Wanangu, ndio ninyi mliokuwa mkilala naye chumba kimoja?" Swali lile halikuwa na lawama, na ndiyo maana lilituchoma.

Tulidhani tutasikia habari ya ada tu. Ada ilikuwamo, lakini ilikuja katikati ya mambo mengine. Alianza na lugha. Shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili, sekondari akasoma Kiingereza cha kukariri, na chuoni akakuta mhadhiri anazungumza saa mbili mfululizo mbele ya watu mia tatu. Alielewa nusu. Akaona aibu kuuliza, kwa maana aliamini wenzake wote wanaelewa. Muhula wa kwanza akaanguka kozi mbili, akawa na mitihani ya marudio, ile wanayoiita sapu. Kijijini alikuwa mvulana wa kwanza darasani tangu darasa la tatu. Hakujua jinsi ya kuwa mtu aliyefeli.

Halafu ndipo ada. Alikwenda kwenye dirisha la mhasibu mara nne. Mara ya kwanza aliambiwa arudi na barua. Mara ya pili aliambiwa barua hiyo inapelekwa ofisi nyingine. Mara ya tatu mhusika alikuwa kwenye kikao. Mara ya nne aliambiwa kwa sauti, watu wakiwa nyuma yake kwenye foleni, kwamba asiyelipa hafanyi mtihani. Jioni ile alikuja chumbani akatukuta tumefungulia muziki. Alipanda kitandani akajifunika shuka. Siku sita baadaye akaondoka.

Tulimuuliza kwa nini hakuomba kuahirisha masomo. Kanuni za vyuo vyetu huruhusu jambo hilo. Mwanafunzi mwenye sababu ya msingi, kama ugonjwa au matatizo ya fedha, huandika barua, hujaza fomu, na akikubaliwa nafasi yake humngoja. Akiondoka bila barua huhesabiwa kuwa ameacha masomo mwenyewe, na jina lake hufutwa. Mwenzetu alitutazama muda mrefu. "Kuahirisha ndiyo nini?" akauliza. Wiki ya kwanza ya mapokezi tulifundishwa historia ya chuo, sare ya michezo na adhabu ya kuibia mtihani. Kama kuahirisha kulitajwa, kulitajwa mara moja, ukumbini, kwa kipaza sauti kibovu.

Na kuhusu sisi alisema neno moja tu. Alisema wiki zile za mwisho alikuwa akingoja mmoja wetu amuulize, hata kwa utani, mbona hali. Angesema yote.

Wanazuoni wanasemaje

Tuliporudi seminarini tulikwenda maktaba. Mwaka 1897 mwanasosholojia wa Ufaransa, Émile Durkheim, alichapisha utafiti wake maarufu juu ya watu wanaojiua. Alidai kwamba tendo linaloonekana kuwa la mtu binafsi kabisa lina uhusiano na jinsi mtu alivyofungamana na jamii yake. Mwaka 1975 Mmarekani Vincent Tinto aliazima wazo hilo akalipeleka chuoni, na baadaye akalikuza katika kitabu chake cha mwaka 1987 juu ya wanaoacha chuo. Kuacha chuo si kufa, yeye mwenyewe alilitambua hilo. Hoja yake ni kwamba mwanafunzi hufunganishwa na chuo kwa kamba mbili. Ya kwanza ni ya masomo: anaelewa, anafaulu, kuna mwalimu anayejua kazi yake. Ya pili ni ya watu: ana rafiki, ana kikundi, kuna mtu atakayegundua asipokuwapo. Kamba moja ikilegea, nyingine yaweza kumshika. Zikilegea zote mbili, jambo dogo linatosha kumwondoa. Tinto aliona pia kwamba, kwao Marekani, wengi wa wanaoondoka hawafukuzwi kwa alama. Huondoka wenyewe.

Tukimpima mwenzetu kwa maneno hayo tunaelewa kwa nini ada pekee haielezi. Katika chuo kile kile walikuwapo waliodaiwa kuliko yeye, nao walibaki. Kamba yake ya masomo ilikatika kwenye sapu. Kamba ya watu ilikuwa mikononi mwetu.

Lakini Tinto hapaswi kumezwa mzima. Alitumia pia kazi ya Arnold van Gennep ya mwaka 1909 juu ya mila za kuvuka rika: mtu hutengwa na nyumbani, hupita kipindi cha katikati, kisha hupokelewa kuwa mtu mpya. Sisi tuliokulia kwenye habari za jando na unyago tunaielewa picha hiyo upesi. Ila mwaka 1992 William Tierney alimpinga, akisema kwamba jando la kweli ni la jamii ya mtoto mwenyewe, na kila mmoja hutarajiwa kuvuka. Chuo kinachomtaka kijana wa utamaduni mwingine aache kwao ili apokelewe, hicho kinafanya kitu kingine.

Hoja hii inatugusa. Mwenzetu hakutengana na nyumbani hata siku moja, wala hakupaswa. Bumu lake lilikuwa pia karo ya mdogo wake. Simu ya mama ilipolia usiku aliipokea. Mshauri ambaye angemwambia asahau nyumbani asome kwanza, angekuwa anamwambia awe mtu mbaya. Kijana wetu anakwenda chuoni akiwa na ukoo mzima mgongoni, na chuo kinachotaka kumsaidia lazima kimhesabu pamoja na mzigo wake.

Chuo kinaweza kufanya nini

Hatusemi kama wataalamu. Tunasema kama watu walioona kitanda kikibaki wazi. Hata hivyo tumeona kwamba yapo mambo yaliyojaribiwa na kufaulu. City University of New York ilianza mwaka 2007 mpango uitwao ASAP kwa wanafunzi wa vyuo vyake vya miaka miwili, wengi wao wakiwa wa kipato kidogo. Walifidiwa upungufu wa ada, walipewa msaada wa vitabu na kadi ya usafiri, na kila mmoja alipewa mshauri aliyepaswa kuonana naye mara kwa mara. Mpango ulipopimwa kwa kulinganisha makundi mawili yaliyochaguliwa kwa kura, baada ya miaka 3 waliohitimu katika kundi la mpango walikuwa asilimia 40, na katika kundi la pili asilimia 22. Georgia State University ya Atlanta ilianza mwaka 2011 kutoa ruzuku ndogo kwa wanafunzi waliokaribia kufutwa kwa sababu ya deni dogo. Chuo kiliona kwamba kumpoteza mwanafunzi kwa deni dogo ni hasara kwake na kwa chuo pia.

Hatuna fedha za New York. Lakini tukiitazama mipango hiyo kwa makini, tunaona mambo kadhaa ambayo vyuo vyetu vingeweza kuyaanza hata muhula huu.

Kwanza, kuhesabu mapema. Wiki sita za mwanzo zinatosha kujua nani haonekani kwenye semina na nani hajaleta kazi ya kwanza. Kiongozi wa darasa ana orodha tayari. Kinachokosekana ni mtu wa kuipokea orodha hiyo na kupiga simu.

Pili, sapu isitangazwe kwa karatasi ukutani tu. Aliyeanguka kozi mbili aitwe, aketishwe, aelezwe kwamba bado yumo, na apangiwe mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa kumsaidia. Mfumo wetu unataka GPA isiyopungua 2.0, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapoiona namba hiyo ikimkaribia hudhani ni hukumu. Mtu mwenye uzoefu angemwonyesha kwamba inaweza kupanda.

Tatu, dirisha la mhasibu liwe na mlango pembeni yake. Mwenye tatizo la ada asiulizwe mbele ya foleni. Apewe utaratibu wa kulipa kwa awamu ulioandikwa, na ofisi moja ya kumalizia jambo lake.

Nne, kuahirisha kufundishwe kama tunavyofundishwa pa kukimbilia moto ukizuka. Kila mwanafunzi ajue fomu iko wapi, nani husaini, na nini kinatokea kwenye mkopo wake. Anayeondoka kwa barua anaweza kurudi.

Tano, walioondoka watafutwe. Shahada ya kwanza ya miaka 3 nchini kwetu huhitaji angalau krediti 360, na krediti alizokwisha kuzipata mtu ni kazi halisi aliyoifanya. Mwaka 2021 serikali yetu iliwafungulia mlango wa kurudi shuleni wasichana walioacha kwa sababu ya ujauzito. Kama mlango ule uliweza kufunguliwa, na huu wa vyuo waweza kupanuliwa.

Na sisi je, seminarini na parokiani?

Msomaji anaweza kusema kwamba seminarini mambo ni mepesi. Kweli, kiti cha kanisani kikiwa kitupu wakati wa Masifu ya Asubuhi, kabla ya kifungua kinywa mlezi amekwisha kuuliza. Kila mmoja ana baba wa kiroho. Hati ya Kanisa ya mwaka 2016 kuhusu malezi ya mapadre inasisitiza mno kusindikizwa, mtu na mtu. Tunakula meza moja, hivyo asiyekula huonekana. Kamba zote mbili za Tinto tumepewa bure.

Hata hivyo tukiri jambo. Frateri mwenzetu akiacha seminari, mara nyingi huondoka tukiwa darasani. Tunarudi, tunakuta godoro limekunjwa, na jina lake linaanza kutajwa kwa sauti ya chini kama la marehemu. Wapo walioondoka vizuri, baada ya kusali na kushauriwa, wakagundua kwamba Mungu anawaita mahali pengine. Kuondoka kwa namna hiyo ni tunda la malezi. Sisi wenyewe ndio tunaolifanya kuwa aibu, kwa ukimya wetu. Aristotle, katika vitabu vya maadili tunavyosoma muhula huu, anafundisha kwamba urafiki wa manufaa huisha manufaa yanapoisha. Tujipime kwa hilo. Kama upendo wetu kwa ndugu ulidumu kadiri alivyovaa kanzu, ulikuwa urafiki wa namna gani?

Kwa waamini wa parokia zetu tuna ombi. Mnapomchangia kijana nauli, mteueni pia mtu mmoja katika jumuiya ndogo ndogo atakayempigia simu kila mwezi, na asiulize matokeo kwanza. Aulize, "Umekula?" Kijana akirudi katikati ya mwaka, msimuulize mlangoni mwa kanisa kwamba lini anarudi chuo. Mama wa mwenzetu alituambia kwamba mwanawe alikaa miezi minne bila kwenda Misa ya Jumapili, kwa kuogopa swali hilo tu. Alikuwa akienda Misa ya asubuhi, siku za kazi, gizagiza, akiketi nyuma.

Bwana wetu alisimulia juu ya mchungaji mwenye kondoo mia. Tumezoea kuhubiriwa juu ya safari ya kumtafuta yule mmoja, na furaha ya kumbeba mabegani. Tangu likizo ile sisi tunakaa zaidi na jambo lililotangulia safari. Ili ajue kwamba amepotea mmoja, mchungaji alikuwa amewahesabu. Jioni ile, amechoka, alisimama mlangoni mwa zizi akawahesabu mmoja mmoja, na tisini na tisa hawakumridhisha.

Jioni ya siku ya pili, kabla ya kuondoka, tulimwomba mwenzetu msamaha. Alisema yamekwisha, kisha akatuuliza kama sabufa bado inafanya kazi. Tulicheka wote, naye akawa wa kwanza kunyamaza. Baadaye alileta bahasha yenye karatasi ya matokeo ya muhula wa kwanza. Ameitunza miaka yote hii, ndani ya Biblia. Tulikaa kwenye taa tukajumlisha pamoja kozi alizofaulu. Chuo cha zamani tulikwisha kukiuliza kwa simu, tukajibiwa kwamba jina lilifutwa na itabidi aombe upya. Tulimweleza juu ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, ambako mtu anaweza kusoma huku mashine ya kusaga ikiendelea kunguruma.

Hajaamua. Amesema atafikiri baada ya mavuno. Mwalimu humpigia simu Jumapili ya kwanza ya mwezi, na frateri humwandikia barua anaporuhusiwa. Mara ya mwisho alituuliza fomu ya maombi hupatikana wapi, akaongeza haraka kwamba anauliza tu.

Tumemjibu. Nanyi mnaotusoma, kama mnamjua kijana aliyerudi nyumbani akiwa na begi moja, tunawaomba mwende kumwona wiki hii, kabla kitanda chake hakijageuzwa kabati.